Chaja janja ya betri ya gari: nunua ipi, ipi uiache dukani

Gari langu lilikaa wiki sita bila kuwashwa. Nilipounganisha chaja, ikawaka taa nyekundu ikagoma kuchaji. Nikapima betri: volti 3. Nikaona nimeuziwa chaja mbovu, kumbe ndivyo ilivyotengenezwa. Chaja janja nyingi, yaani zinazojiongoza zenyewe, hazitoi umeme mpaka zihisi volti kadhaa kwenye klipu, zijue pale kuna betri na waya hazijageuzwa.

Ndiyo maana ya kwanza kwangu ni NOCO Genius 5, ya ampea 5. Ina kitufe cha kuilazimisha ianze hata betri ikiwa volti 0, ila hapo kagua chanya na hasi mwenyewe, kwani ulinzi unazimwa. Mafundi hukadiria ampea kwa moja ya kumi ya ukubwa wa betri, kwa hiyo ampea 5 zinafaa gari dogo lenye betri ya Ah (ampea-saa, yaani ukubwa wa betri) 45 hadi 60.

Ya pili, CTEK MXS 5.0. Imara sana, lakini ni ya betri za madini ya risasi (lead-acid) tu. Ya lithiamu usiiguse nayo.

Betri ya sola ya Ah 100? Tafuta ampea 10. Bodaboda, ampea 1 inatosha.

Ya mwisho, ya kuiacha dukani, ni lile boksi zito la chuma lisilojikata. Chaja janja hupandisha betri ya maji hadi volti 14.4 hivi, huishikilia hapo umeme ukipungua taratibu, kisha hushuka kwenye 13.6 kuitunza. Boksi linaendelea tu. Ukipitiwa na usingizi, asubuhi betri imechemka na maji yamekauka.

Chaja yako haina kitufe cha kulazimisha? Unganisha betri nzima sambamba na iliyokufa, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, uchaji dakika chache, kisha chomoa chaja ukutani kabla ya kuondoa ile nzima. Betri iliyovimba usiijaribu. Chaja ikisema betri imejaa baada ya dakika 20 na gari haliwaki, chaja haina kosa; betri imechoka. Betri ikipitisha siku nzima kwenye chaja bila kupita volti 11, huenda seli moja imekufa.

Na ukienda kununua, beba betri. Muuzaji atagusanisha klipu aone cheche, na chaja janja nzima haitoi cheche yoyote.