Uzoefu wangu na alama za kutafutia za Google, nikiwa mtu wa steshenari Kigoma

Nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma mjini. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua, lakini kinacholeta watu wengi dukani ni kutafutiwa vitu mtandaoni: matokeo ya mtoto, fomu ya kujiunga, tangazo la ajira, kitabu cha mashine. Bando ni langu mwenyewe. Nikifungua kurasa tano za ovyo ndipo nipate ya maana, faida ya mteja huyo imeshakwenda. Kwa hiyo hapa sizungumzii Google ile ya kuandika neno na kubonyeza, nazungumzia zile alama zake ambazo wengi hawazigusi.

Iliyonilipa kuliko zote ni site:. Siku matokeo yanapotoka, ukiandika matokeo kidato cha nne peke yake unamwagiwa kurasa zilizonakili kichwa cha habari na kujaza matangazo, kila kitufe kinakutupa kwingine. Andika matokeo kidato cha nne site:necta.go.tz, utabaki ndani ya Baraza la Mitihani tu, pamoja na anwani zake ndogo zote. Ajira za serikali ni site:ajira.go.tz. Vyuo, site:ac.tz. Jambo la serikali nisilojua liko wizara gani naliwekea site:go.tz tupu, kwa sababu anwani ya namna hiyo ni ya taasisi za serikali, haiuzwi kwa kila mtu. Wale wa "tuma elfu kumi ya fomu" wanapotea hapo hapo.

Mfano mzuri niliupata 2024, serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga hakukuwa na mazungumzo mengine. Akaja mzee mmoja mwenye vyombo vyake, hataki maneno ya kijiweni, anataka karatasi. "Mwanangu, nitafutie la serikali lenyewe, nilisome kwa macho yangu." Nilipoandika ziwa limefungwa nikaletewa video na watu wakibishana. Sisi mtaani tunasema ziwa limefungwa, lakini ofisini wanaandika kupumzisha. Basi nikaandika hivi:

"Ziwa Tanganyika" kupumzisha uvuvi site:go.tz after:2024-01-01

Ile after: inabakiza vilivyotoka baada ya tarehe hiyo. Habari za wizara zikapanda juu. Mzee akavaa miwani, akasoma mwenyewe kwenye skrini, akaomba kopi mbili.

Angalia nilivyoandika pale. Ziwa Tanganyika nimeliweka ndani ya alama za kunukuu, kupumzisha nimeliacha wazi. Maelekezo mengi ya mitandaoni yanakwambia funga kila kitu ndani ya alama hizo, na kwa Kiingereza huenda inafaa. Kitenzi chetu hakitulii: kupumzisha, kupumzishwa, limepumzishwa, litakalopumzishwa. Ukikifunga, Google inatafuta umbo hilo hilo na kuyaacha mengine. Ile nyota (*) nayo haikusaidii, kwa sababu inashika nafasi ya neno zima, si ya kipande cha neno. Mimi nafunga majina ya watu, mahali na namba. Vitenzi naviacha huru, au naweka maumbo mawili na OR (yaani "au") katikati, kwa herufi kubwa.

Alama ya kutoa ndiyo inayonichekesha. Ukitafuta Ujiji utadhani mji ule uliishia 1871, siku Stanley alipomkuta Livingstone pale. Kila ukurasa ni hao wawili. Mimi nilikuwa natafuta habari za viwanja. Andika Ujiji viwanja -Livingstone -Stanley, wazungu wanakaa pembeni, unaanza kuona Ujiji ya watu wanaoishi. Alama hiyo iguse neno lake, na kabla yake kuwe na nafasi.

Kwa simu kuna tatizo dogo linalowakwamisha wengi. Kibodi nyingi hupenda kuongeza nafasi baada ya nukta mbili, inatoka site: necta.go.tz, na hapo alama haifanyi kazi ipasavyo. Futa nafasi hiyo. Wateja wawili watatu wameniambia "mbona kwangu haikubali", nikitazama, ni nafasi tu.

Si kila kitu cha zamani kimebaki. Alama ya kujumlisha iliyokuwa inalazimisha neno iliondolewa 2011, na ile nakala ya ukurasa iliyokuwa inahifadhiwa na Google nayo iliondolewa 2024. Tangazo likishafutwa kwenye tovuti yake, nabandika anwani yake web.archive.org, hifadhi ya Internet Archive, na mara nyingine nalikuta. DuckDuckGo, iliyoanza 2008, nayo inaelewa site: na filetype: (ile ya kuchagua aina ya faili), ila kwa mambo ya Kiswahili naanzia Google kwa mazoea.

Muhtasari wa akili mnemba unaotokea juu ya majibu nausoma, simchapii mteja. Google wenyewe wanaonya kwamba unaweza kukosea. Mtu anayekwenda ofisini na karatasi anahitaji ukurasa wenye mwenyewe.

Mafundi wa mashine za boti ndio wateja wangu wa filetype:pdf. Mtu ana Yamaha 40, haiwaki vizuri asubuhi, anataka mchoro wa kabureta. Nikiandika maneno hayo tu naletewa maduka ya vipuri. Namwomba akasome kibati kilichopigwa kwenye bano la kufungia mashine, aniletee herufi zote. Tukishapata "E40X" naiweka ndani ya alama za kunukuu, Yamaha mbele, filetype:pdf mwisho, na vitabu vya ufundi vinajitokeza. Baadhi ni mamia ya kurasa, kwa hiyo natazama ukubwa wa faili kabla sijalipakua lote, halafu namchapia kurasa za kabureta tu. Anayekuja na kipuri mkononi bila namba nakipiga picha kwa Google Lens, ila kibati kikisomeka sihangaiki na picha.