Treni au gari la kukodi: kuzunguka Ulaya na watoto wakati wa kiangazi

Kwa familia inayopanga safari hii mwezi Julai au Agosti, gharama huamua mengi. Pasi ya treni ya Interrail kwa wakazi wa Ulaya, au Eurail kwa watokao mabara mengine, humruhusu mtu mzima kusafiri na watoto wawili wa miaka 4 hadi 11 bila kuwalipia pasi, ingawa treni za kasi za Ufaransa na Italia hudai nafasi zilipiwe kando. Gari hubeba watu watano kwa kodi moja. Lakini ongeza mafuta, ushuru wa barabara kuu, stika za kulipia barabara kuu za Uswisi na Austria, viti vya watoto, na ada ya kulirudisha katika nchi nyingine, ambayo mara nyingi ndiyo huumiza zaidi.

Treni za Uswisi hutunza saa kwa uaminifu. Za Ujerumani huchelewa mara kwa mara, basi usipange kubadilisha treni kwa dakika chache. Gari nalo hukwama kwenye foleni za handaki la Gotthard, nchini Uswisi, wakati wa likizo.

Ninachokithamini mno katika treni ni kwamba mtoto hutembea, huenda chooni, na katika baadhi ya treni za ghorofa za Uswisi hupata behewa lenye uwanja wa kuchezea. Hata hivyo, vijiji vya Toscana na mabonde ya Dolomiti, huko Italia, huvifikia kwa urahisi mwenye gari, mradi asiingie nalo katikati ya Florence, ambako magari yasiyo na kibali hutozwa faini.

Anayeunganisha Paris, Zurich na Vienna atafaidika na treni. Atakayekaa wiki nzima shambani atahitaji gari, hata kama amefika huko kwa reli.