Uzoefu wangu: kijiji cha Xagħra, kisiwani Gozo

Nilifika Xagħra siku mbili mfululizo, na tofauti ya ziara hizo mbili ndiyo iliyonifanya niandike. Mara ya kwanza nilikwenda na kampuni moja ya watalii iliyotuzungusha kisiwa cha Gozo, nchini Malta, kutwa nzima na kutupa dakika 40 tu kwenye mahekalu ya Ġgantija. Jioni, nilipoisoma vizuri tiketi yangu, niligundua kwamba ilihusu pia kinu cha upepo cha Ta' Kola, ambacho hatukupelekwa wala hatukuambiwa habari zake. Nilisikitika sana. Kesho yake nikavuka tena kwa kivuko kutoka Ċirkewwa, kisiwani Malta, mwendo wa dakika 25 hivi, nikapanda basi hadi kijijini na kukata tiketi nyingine.

Mahekalu yalijengwa kati ya mwaka 3600 na 3200 kabla ya Kristo, yaani yalikuwa makongwe tayari wakati piramidi za Giza zinajengwa, na baadhi ya mawe ya ukuta wa nje yana urefu unaopita mita 5 na uzito wa zaidi ya tani 50. Wenyeji wa zamani walisimulia kwamba aliyeyajenga ni jitu la kike lililokula maharagwe na asali, huku limembeba mtoto begani. Na ukisimama chini ya ukuta ule, hadithi hiyo huioni ya ajabu. Safari hii nilipata nafasi ya kuinama na kutazama ndani: sakafu yenye matundu ya mviringo yanayodhaniwa kuwa ya kumiminia sadaka, na majina ya wageni wa karne ya 19 yaliyochongwa juu ya mawe, jambo lililonitia uchungu. Sehemu ya mbele imeegemezwa vyuma ili isiporomoke. Vinaharibu picha, lakini ni afadhali picha iharibike kuliko ukuta.

Kinu, kilichojengwa mwaka 1725, ndicho kilichonikaa moyoni. Chini kuna karakana yenye zana za seremala na mhunzi, juu kuna vyumba alimoishi msagaji na familia yake, na katikati ngazi nyembamba ya mawe inazunguka mnarani hadi kwenye mawe ya kusagia. Upepo ulipokuwa mzuri, msagaji alipuliza kombe kubwa la baharini, na wanakijiji wakaja na nafaka zao. Sisi tuliolelewa na msemo wa la mgambo likilia lina jambo tunaielewa desturi hiyo bila maelezo mengi. Nilikaa humo zaidi ya saa nzima, na hakuna aliyenihimiza nitoke.

Jambo jingine ambalo Mswahili atalifurahia ni lugha. Kimalta ni jamaa ya Kiarabu, na kwa kuwa nasi tumechota mengi huko, maneno hukutana njiani: kitabu ni ktieb, bahari ni baħar, na katika kuhesabu utasikia sitta, sebgħa na disgħa. Mchana niliagiza ġbejna tal-bżar, vidonge vya jibini vilivyokaushwa na kuviringishwa katika pilipili manga, vigumu nje na vyenye chumvi inayouma ulimi kidogo. Ndani ya jina hilo zimo jibini na bizari zetu wenyewe.

Ningeshauri mtu aanzie mahekaluni mapema asubuhi, kwa sababu hakuna kivuli cha maana pale, kisha adhuhuri ajisitiri kinuni, na jioni ateremke hadi ufuo wa Ramla, wenye mchanga mwekundu, ulio chini ya kijiji. Atakayefika tarehe 8 Septemba atakuta sikukuu ya kanisa kuu la kijiji, la Kuzaliwa kwa Bikira Maria. Nauli ya kivuko isimtie wasiwasi asipodaiwa wakati wa kwenda: hulipwa bandarini Mġarr wakati wa kurudi.