“He'll Have to Go” wa Jim Reeves: uzoefu wangu na wimbo ulioshika namba moja kwa wiki 14

Ukitaka kuanza kusikiliza country, ule muziki wa Marekani, anzia hapa. Sisi tuliokulia Kenya na redio ya betri sebuleni, Jim Reeves hatuhitaji kutambulishwa, lakini wimbo huu nimeuelewa vizuri ukubwani.

Kisa ni cha simu. Mwanamume amempigia mpenzi wake, na huko aliko huyo mpenzi muziki unalia na kuna mwanamume mwingine kando yake. Anamwomba asogeze mdomo karibu na simu, kisha aamue: huyo jamaa aondoke au vipi? Hagombi wala hatukani. Watunzi ni Joe na Audrey Allison, mtu na mkewe. Audrey alikuwa na sauti ndogo, na mumewe alizoea kumwomba asogee karibu na simu ndipo amsikie.

Ulirekodiwa Nashville Oktoba 1959, chini ya mtayarishaji Chet Atkins. Vaa spika za masikioni usikilize jinsi Reeves alivyosogea kwenye maikrofoni, kama anakuongelesha wewe peke yako. Kila anapofika kwenye maneno ya jina la wimbo, sauti inateremka hadi chini kabisa, na hata huko inabaki safi, haikwaruzi. Mimi hapo huacha ninachofanya. Fidla hakuna, piano ya Floyd Cramer inadondosha noti chache tu na kumwachia nafasi.

Cha ajabu, kampuni ya santuri ya RCA Victor iliuweka upande wa pili wa santuri. Watangazaji wa redio wakaigeuza, na Februari 1960 wimbo ukakaa kileleni mwa chati ya country ya jarida la Billboard, ukadumu hapo wiki 14. Kwenye chati ya jumla, Hot 100, ulifika namba 2. Mwaka huohuo Jeanne Black akatoa jibu la mwanamke, “He'll Have to Stay”, nalo likapanda hadi namba 4!

Unapoununua, angalia. Mkusanyiko mmoja niliouchukua ulikuwa umejazwa mwangwi hadi ule ukaribu wa sauti ukapotea wote. Tafuta rekodi ya 1959 yenyewe, na usiisikilizie kwenye spika ya simu, maana zile noti za chini hutazipata. Nyota 5 kwangu, ingawa dakika 2 na ushee ni chache mno.