Kuvuta trela ya kulala: mpira wa chuma pekee au pamoja na vyuma vya springi?

Ukitoka Malindi kuelekea Garsen na pikapu inayovuta trela ya kulala, mpira wa chuma pekee, ule wa nyuma ya gari unaoshikilia trela, ni rahisi: unafunga, unaondoka. Kwa trela ndogo unatosha kabisa. Lakini trela ya kilo 2,000 kwa kawaida hukandamiza nyuma ya gari kwa kilo 200 hadi 300. Mkia unalala, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, usukani unalegea, na usiku taa zinamulika vilele vya minazi.

Vyuma vya springi, vinavyofungwa kati ya kiungo cha gari na fremu ya trela, hunyanyua mkia huo, vikirudisha sehemu ya uzito mbele na nyingine kwenye ekseli ya trela. Mimi ningechagua vyuma hivi, ingawa ni vizito na kuvifunga kunachosha. Ila haviongezi uwezo wa gari kuvuta. Kikomo cha mtengenezaji kinabaki palepale.