Michelin Pilot Sport 4S: seti moja kwa barabara ya kila siku na uwanja wa mbio

Kama gari lako linakupeleka kazini siku zote na uwanjani mara mojamoja, usianze kwa kuuliza tairi lipi lina kasi zaidi. Uliza lipi litakurudisha nyumbani salama mvua ikikukuta njiani, matairi yamepoa na mwenyewe umechoka. Swali hilo ndilo lililonifikisha kwenye Pilot Sport 4S, saizi 245/40R18, na mpaka sasa sijaona sababu ya kubadilisha.

Michelin walilitoa sokoni mwaka 2017 kama tairi la barabarani la magari yenye nguvu. Si tairi la mashindano, na tofauti hiyo inafaa ieleweke kabla pesa haijatoka mfukoni. Wapenda mbio wengi watakwambia, "Chukua mia mbili." Wanazungumzia namba iliyo ubavuni mwa tairi, karibu na neno Treadwear, inayotakiwa kwa matairi ya magari madogo yanayouzwa Marekani. Inapima uchakavu: tairi la rejea limepewa 100, kwa hiyo lenye 200 linatarajiwa kudumu mara mbili ya hilo. Kadiri namba inavyoshuka, mpira kwa kawaida huwa laini zaidi na hushika lami zaidi. Bridgestone Potenza RE-71RS ni 200, Yokohama Advan Neova AD09 ni 200, na Pilot Sport 4S ni 300.

Namba hiyo isikutie upofu. Mtengenezaji mwenyewe ndiye anayeipanga baada ya majaribio, kwa hiyo 200 ya kampuni moja inaweza kuwa mbali kabisa na 200 ya nyingine. Tena kwa kuwa mashindano mengi ya wasio wataalamu yameweka 200 kuwa kiwango cha chini kinachoruhusiwa, kampuni nyingi zinataka tairi lao la mashindano hayo lisimame kwenye namba hiyohiyo. Hata zile herufi za AA au A zilizo jirani yake, kwenye neno Traction, zinatokana na kupima breki kwenye njia iliyonyooka na iliyolowa. Hazikwambii lolote kuhusu kona.

Kabla ya haya niliwahi kufunga seti ya hilo kundi la 200, ya kampuni nyingine nisiyoitaja. Uwanjani yalikuwa raha tupu. Yakishapata joto, unakanyaga breki pale ambapo akili inakwambia umeshachelewa, na gari linatii. Shida ilikuwa njia ya kwenda na kurudi. Asubuhi yenye baridi yalikuwa magumu na hayana habari na lami. Kwenye madimbwi usukani ulikuwa mwepesi ghafla, maana matairi ya aina hiyo yana mifereji michache na maji hayapati pa kupitia. Njiani yaliokota kila kokoto na kuirusha chini ya gari. Na yaliisha upesi, mengi ya maisha yake yakiliwa kwenye foleni badala ya kwenye kona.

Pilot Sport 4S liligeuza hesabu hiyo. Barabarani usukani unajibu papo hapo, na ubavu wake ni mgumu kiasi cha kutosha bila kukupigisha mgongo kwenye kila shimo. Kwenye mvua ndipo lilipouteka moyo wangu. Upande wa nje wa kashata, yaani sehemu ya tairi inayokanyaga lami, na upande wa ndani vimetengenezwa kwa mchanganyiko tofauti wa mpira, wa nje kwa ajili ya kona kavu na wa ndani kwa ajili ya lami iliyolowa, na mifereji ya katikati ni mipana. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye maji unalisikia gari likishuka na kung'ang'ania chini. Sijawahi kupanda gari langu siku ya mvua nikiwa na hofu tangu niyafunge.

Uwanjani lazima uliheshimu kwa jinsi lilivyo. Mizunguko ya mwanzo inapendeza sana na muda unashuka. Ukiendelea kulisukuma bila kupumzika, joto linazidi kiwango ambacho mpira wa tairi la barabarani umeumbiwa, na gari linaanza kusukumia pua nje ya kona. Hiyo ni tabia ya matairi ya daraja hili kwa jumla. Uzuri ni kwamba linakuonya mapema: kwanza linalia, kisha linateleza taratibu, na unapata nafasi ya kupunguza mguu. Kwa anayejifunza kuendesha kwa kasi, onyo hilo nalithamini kuliko sekunde mbili za mzunguko. Mimi huendesha mizunguko michache kwa nguvu, mmoja wa kupoza, kisha naingia pembeni.

Hapo pembeni ndipo kazi inapofanyika, na wengi huiruka. Upepo. Hewa ndani ya tairi ikipata joto presha inapanda, na uwanjani inapanda sana. Mimi huingia na psi 32 zilizopimwa matairi yakiwa baridi, na baada ya kusukuma kidogo geji inasoma hadi 40. Kwa 40 tairi limevimba katikati, eneo linalogusa lami limepungua. Ninatoa hadi 36 yakiwa ya moto, nateremka tena uwanjani, na gari linakuwa jingine. Namba zako zitatofautiana na zangu kwa uzito wa gari na saizi, kwa hiyo anza na zile za kibandiko cha mlangoni na upime mwenyewe.

Kisha chutama uangalie bega la tairi. Michelin huchora pale pembeni kile kijimtu chao, Bibendum, kuonyesha ilipo alama ya uchakavu ndani ya mfereji. Kampuni nyingine nyingi huweka pembetatu ndogo. Mimi hukitumia kama mpaka. Mpira ukiwa umesuguliwa ukakipita na kushuka ubavuni, tairi linalala kupita kiasi: ongeza upepo kidogo, au kamuone fundi wa alaimenti akuinamishie sehemu ya juu ya magurudumu ya mbele kwa ndani zaidi. Msuguo ukiishia mbali juu ya kijimtu, upepo umezidi. Kwangu tairi la mbele kushoto ndilo lililonifundisha, kwa kuwa uwanja ninaoenda una kona nyingi za kulia, na kwenye kona hizo uzito unaegemea kushoto. Pasa vidole juu ya kashata pia. Ukikuta vipunje vya mpira vilivyojiviringisha ni kawaida. Ukikuta vipande vimemeguka, siku yako ya kukimbia imekwisha.

Kabla ya safari ya kurudi, jaza tena. Upepo ulioutoa wakati wa joto utakuwa pungufu sana matairi yakipoa, na tairi lenye upepo mdogo kwenye barabara kuu huchemka na linaweza kupasuka. Geji nzuri na pampu ndogo ya umeme ni vitu ambavyo ningevinunua hata kabla ya matairi yenyewe.

Haya ni matairi ya majira ya joto. Chini ya nyuzi 7 za Selsiasi mpira unakakamaa, na kwenye theluji hayana kazi kabisa.

Nani asiyanunue? Anayeenda uwanjani kila mwezi na kupimana muda na wenzake. Huyo namshauri atafute rimu nne za ziada, azifunge mia mbili, azibebe hadi uwanjani na kubadilishia huko. Kwa sisi wengine, Pilot Sport 4S linatosha na kubaki. Ukifika kwa muuzaji, hakikisha alama za uzito na kasi zinafikia zile za gari lako (yangu ni 97Y, yaani kilo 730 kwa tairi na kilomita 300 kwa saa), kisha tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2324 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Akikuletea manne yenye tarehe zilizopishana miaka, mwambie akabadilishe.