Ng'ombe wa maziwa mnadani: yupi wa kupandia dau, yupi wa kumwacha apite

Watu wakifika mnadani swali lao la kwanza ni anatoa lita ngapi. Mi nasema hilo liwe la tatu au la nne huko, la kwanza ni huyu ng'ombe kwanini anauzwa? Maana mtu mwenye ng'ombe anayekula vizuri, anashika mimba upesi na anatulia akikamuliwa hamtoi zizini hivihivi, lazima kuna jambo limembana, na kazi yako wewe mnunuzi ni kujua hilo jambo ni la mwenye ng'ombe (anahama, amezeeka, malisho yamemwishia) au ni la ng'ombe mwenyewe. Orodha yangu yote hapa chini nimeipanga kwa kipimo hicho, sio kwa bei wala kwa rangi.

Tuanze na mnada wenyewe, watu wengi wanaruka hapo wanakimbilia kutazama viwele.

Mnada namba 1 ni ule wa kufunga zizi, mfugaji anaacha kazi na anauza kundi lote, wazuri kwa wabovu, siku moja. Hapa hakuna aliyechujwa, yule ng'ombe ambaye mwenyewe asingemuuza kwa pesa yoyote naye yumo, afu rekodi zote ziko palepale na mara nyingi mama wa huyo mtamba (jike ambaye bado hajazaa) unaomtaka amesimama hatua chache tu pembeni, unaangalia kiwele cha mama unajua cha binti kitakuja vipi. Ukiweza fika alfajiri wakati wa kukamua, omba kusimama tu kwenye kona. Ubaya wake ni kwamba kila mtu anayajua haya kwahiyo dau hupanda, na kama kundi lina ugonjwa basi unauziwa na ugonjwa wa kundi zima, ndo maana uliza vipimo vya kundi, usiridhike na karatasi ya mmoja.

Namba 2, mnada wa kupunguza kundi. Mfugaji anabaki na zizi lake, anatoa wachache. Aliyechagua nani aondoke ni yeye na wewe hukuwepo, ila bado ana jina la kulinda, mwakani atataka kuuza tena.

Namba 3 ni ule wa kuchanganya, wafugaji tofauti wanaleta mmoja mmoja au wawili wawili. Ukiwa wa ng'ombe wa maziwa tu na getini wanadai karatasi, sawa. Minada ya mtandaoni naiweka hapahapa, kwasababu video ya nusu dakika itakuonyesha ng'ombe anatembea vizuri lakini haitakuonyesha chuchu za nyuma wala namna anavyorusha teke, kama huwezi kwenda kumwona au kumtuma mtu mwenye jicho, punguza dau au kaa pembeni.

Namba 4, mnada wa kawaida wa mifugo mchanganyiko. Ng'ombe wa maziwa anayefika huko mara nyingi yuko safarini kwenda machinjioni na wewe ndo unamkatisha safari. Wapo waliookota lulu huko na wanasimulia kila wakipata nafasi, waliookota kiwele kibovu wananyamaza. Mi ni wa hilo kundi la pili.

Sasa ng'ombe wenyewe.

Wa kwanza kwangu ni aliyezaa mara ya kwanza au ya pili na ana wiki 3 hadi 10 tangu azae. Hatari ya kuzaa imeshapita, maziwa unayaona kwa macho na sio kuahidiwa, na kilele cha maziwa ndo kinakuja hapo, karibu wiki ya 6 hadi ya 10. Kumbuka pia wa uzao wa kwanza hutoa kama robo tatu tu ya kile atakachotoa akikomaa, kwahiyo lita 18 za uzao wa kwanza usizilinganishe na lita 18 za uzao wa tano, mmoja bado anapanda ngazi mwingine ameshafika juu.

Lakini hapahapa ndo penye ujanja mkubwa, kiwele cha kujazwa. Ng'ombe wa kukamuliwa mara mbili kwa siku anakaa kama masaa 12 kati ya mkamuo na mkamuo, muuzaji mwenye tamaa atamwacha masaa 20 au zaidi ili afike ulingoni kiwele kimetuna, na mnyama anaumia kweli. Utamjua, chuchu zimesimama zinatazama pembeni, maziwa yanadondoka yenyewe, miguu ya nyuma anaitanua akitembea. Kiwele kikishajaa hivo kinaficha kila kitu, robo iliyokufa (kiwele kina robo nne, kila moja na chuchu yake) inaonekana sawa na nzima, kano zilizolegea hazionekani. Mi nilinunua mmoja wa hivo, kiwele kimekaza kama ngoma, nikapandisha dau mara tatu zaidi ya nilivopanga kwasababu kulikuwa na bwana mmoja ananishindana na sikutaka anishinde (ujinga huo nao una bei yake), nimefika nyumbani nimekaa kukamua, robo ya nyuma upande wa kulia ikanipa matone mawili ya majimaji, basi. Yule aliyeuza keshaondoka zake, na kwenye minada mingi nyundo ikishagonga ng'ombe ni wako na shida zake ni zako.

Tangu siku hiyo nataka kumwona akikamuliwa mpaka mwisho. Kiwele chenye afya kikiisha maziwa kinanywea, kinakuwa laini na ngozi inajikunja, kibovu kinabaki kigumu chenye mabonge hata maziwa yameisha. Mikamuo ya kwanza ya kila chuchu ikamulie kwenye kikombe cheusi utazame chembe na maji, afu weka ile dawa ya kupimia ugonjwa wa kiwele kwenye sahani yake ya vyumba vinne, robo ambayo maziwa yanavutika kama kamasi ina tatizo hata kama kwa macho maziwa yako meupe kabisa. Kama muuzaji ana hesabu za seli kutoka maabara (chembe za mwili ndani ya maziwa, huongezeka kiwele kikiugua), robo yenye zaidi ya 200,000 kwa mililita ichukulie ina maambukizi. Kama hawaruhusu kugusa kiwele kabisa, we pita tu.

Wa pili ni mtamba mwenye mimba ya miezi 5 hadi 7. Najua wengi wanamweka namba moja na wana hoja: kiwele kipya, hajazeeka, bei ya kati, na ndama unapata juu. Mi namshusha kwasababu unanunua ahadi tatu kwa mpigo, ahadi kwamba mimba ipo, ahadi kwamba atazaa salama na ahadi kwamba maziwa yatakuja. Ya kwanza daktari wa mifugo mzoefu anaimaliza kwa mkono, mimba ya miezi hiyo haimpotei, kwahiyo kusiwe na maneno ya "tunaamini ana mimba", iwe imepimwa na tarehe imeandikwa. Hesabu yake ni siku 280 hivi tangu apandishwe, aliyepandishwa tarehe 1 Januari atazaa karibu tarehe 8 Oktoba, ukiona tarehe ya karatasi na tumbo havipatani uliza.

Ya pili, uliza alipandishwa na dume gani. Mtamba mdogo aliyepandwa na fahali mzito wa nyama aliyerukia uzio ni kesi ya kuvuta ndama kwa kamba saa nane usiku. Kama ni uhimilishaji (kupandishwa kwa mrija bila dume) kwa mbegu zilizochaguliwa jinsia, basi una kama nafasi 9 kwa 10 za kupata jike, hapo ongeza dau kidogo, inalipa.

Afu kuna kitu wengi hawakijui, virusi vya BVD, ugonjwa wa ng'ombe unaoleta kuhara na kuharibu mimba. Mama akiambukizwa mimba ikiwa changa, ndama anaweza kuzaliwa nacho hicho kirusi maisha yake yote na kukimwaga zizini kila siku, na mama mwenyewe akipimwa virusi haonekani navyo. Kwahiyo ukinunua mwenye mimba panga kabisa kumpima ndama akizaliwa, kabla hajachanganyika.

Wa tatu, ndama jike aliyeachishwa au mtamba ambaye hajapandishwa. Bei nafuu ila unanunua muda, ndama wa miezi 4 wa kuzaa akiwa na miaka 2 ana karibu miezi 20 ya kula bure. Onyo ni moja tu, ndama jike aliyezaliwa pacha na dume, zaidi ya 9 kati ya 10 hao ni tasa, atanenepa atapendeza na hatozaa kamwe. Asiyejua historia ya kuzaliwa kwa ndama anayemuuza usimpe hela ya mtamba.

Wa nne, aliyekaushwa (ameachishwa kukamuliwa apumzike kabla ya kuzaa) na mimba kubwa. Anaonekana mzuri sana huyu, mnene, ametulia. Lakini siku zake 60 za mapumziko ndo pazia lenyewe, huwezi kukamua, huwezi kupima robo, na kama alikaushwa kwasababu ya kiwele utajua siku anayozaa. Akiwa wa uzao wa nne na kuendelea ongeza hatari ya homa ya maziwa, kalsiamu inashuka akizaa na anaanguka chini, ng'ombe aina ya Jersey hasa. Nunua kwenye mnada wa kufunga zizi tu, tena ukiwa na rekodi za kiwele za kabla hajakaushwa.

Wa mwisho kabisa ni yule anayekamuliwa ana siku 200 na zaidi tangu azae na hana mimba. Fanya hesabu, joto linarudi kila siku 21 hivi, kama alianza kupandishwa siku ya 60 amepata nafasi sita au saba na zote zimepita. Dalali atakuambia "huyu hajapandishwa makusudi". Labda. Mi siamini.

Umri usiambiwe, fungua mdomo. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, ya chini ni manane, jozi ya kwanza ya meno makubwa inatoka akiwa na karibu miaka 2, na akifika miaka 4 hivi jozi zote nne zimebadilika. Baada ya hapo unasoma kuchakaa tu.

Aina sitakaa nayo sana, kila mtu ana dini yake. Holstein ni wingi wa maziwa na mwili mkubwa unaotaka kulishwa, Jersey ni mdogo, anakula kidogo na mafuta ya maziwa yake yanakaribia asilimia 5. Kama unalipwa kwa lita au kwa mafuta, hapo ndo jibu lako lilipo. Cha muhimu kuliko aina ni miguu, mtazame akitembea kwenye sakafu ngumu, akipinda mgongo huku anatembea kwato zinamuuma, na ng'ombe anayeumwa kwato haendi kwenye chakula.

Karatasi: brusela (ugonjwa wa kutupa mimba) na kifua kikuu ndo vya kwanza, vyote hivi binadamu anaambukizwa. Kile kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kinasomwa baada ya masaa 72 kwahiyo mnadani hakifanyiki, ama kilishafanyika ama hakipo. Ugonjwa wa Johne (wa utumbo, unaharisha na kukondesha) ni mgumu zaidi, ng'ombe anaweza kuubeba miaka bila dalili, hapo ndo unarudi kwenye kuuliza kundi alikotoka. Uliza pia dawa za mwisho alizochomwa na tarehe, maana maziwa yenye dawa hayauziki.

Dau lako liandike kwenye karatasi kabla hujaingia, na toa humo usafiri, daktari, na komisheni, minada mingine humkata mnunuzi pia. Usianze wewe kutaja dau. Ng'ombe wa kwanza kwanza huenda kwa bei ya chini wakati watu bado wanapasha moto, ukiwa umeshawakagua wote asubuhi hapo ndo pa kuvizia.

Akifika nyumbani akae peke yake wiki 3 au 4, akamuliwe wa mwisho, na usishtuke maziwa yakipungua siku za mwanzo, safari na zizi geni vinamchanganya. Mwulize muuzaji alikuwa anakula nini, omba hata mifuko michache ya hicho chakula, badilisha taratibu. Na kama alizoea mashine we unakamua kwa mkono, jiandae na mateke.

Ukiwa upande wa kuuza yote haya yageuze. Mlete akiwa na wiki chache tangu azae, mkamue kwa ratiba yake, kwato zikatwe wiki kadhaa kabla, ukikata jana yake atachechemea mbele za watu. Nyoa kiwele na mgongo, karatasi ziwe kwenye mfuko wa nailoni sio mfukoni. Mpe dalali bei yako ya chini kwa siri. Afu kasoro ya ng'ombe wako isome wewe mwenyewe kwa sauti kabla nyundo haijainuliwa, "huyu kiwele robo tatu tu ndo nzima", "huyu anapiga teke mkono wa kushoto", utapoteza dau mbili tatu kwenye huyo mmoja lakini waliokaa kwenye mabenchi wataanza kukuamini kwa wale watano uliobakiza nyuma ya uzio.